Fundi anakuulia gari halafu anakwambia "GARI LAKO NDILO BOVU"!! Wakuu nimechoka

Mrithi wa 88:
Wakuu, naandika mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko na hasira haijashuka. Ni yule fundi. Simtaji, kila mwenye Land Rover hapa Arusha ashalia kwake. Yule anayepokea advansi kwa mikono miwili, simu yako hapokei hata kwa kidole.

Leo kanitamkia, simu iko kwenye spika, mama yangu mzazi anasikia: "Injini yangu nzima. Gari lako ndilo bovu." Huku anatafuna!

Gari LANGU? Hiyo ni Land Rover 88 Series III, ile fupi, marehemu baba aliinunua 1981. Imetupeleka shule, imebeba mahindi, imembeba baba mwenyewe safari yake ya mwisho. Ile injini ya petroli ya 2.25 ilichoka. Ilizaliwa na nguvu za farasi kama 70, mpaka namkabidhi gari walishabaki punda watatu. Nikamletea injini ya dizeli, 300 Tdi nzima, imetoka kwenye Land Rover Discovery. Na nilimwambia kwa mdomo huu: fundi, hii ni farasi 111, mvuto wake Nm 265 na ya zamani haikufika hata 170. Hafu shafti za nyuma, zile fimbo za chuma zinazotoka kwenye difu kuzungusha magurudumu, ni za meno 10, hazitauweza huo mzigo. Chongesha za meno 24, toa difu za uwiano wa 4.7 weka za 3.54, mbele na nyuma. Akajibu "hilo tu, bosi?" Kazi ya chini peke yake nimelipa milioni 2 na laki 3.

Leo tunapeleka mahari Karatu. Tumetoka Mto wa Mbu, tunaupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, nyuma kuna mama, mjomba, mablanketi na kreti tatu za soda. Kwenye kona, PAA! Injini inanguruma, gari halisogei. Navuta hendibreki, linarudi nyuma! Wenye Land Rover mnajua, hendibreki yake inashika propela, ile shafti ya kutoka giaboksi kwenda difu, haishiki magurudumu. Hafu shafti ikikatika unavuta pambo. Nimesimama juu ya breki ya mguu kwa miguu yote miwili. Mjomba ana miaka 68, karuka na kurudi na jiwe la ukubwa wa sufuria ya pilau akalisukumiza chini ya tairi. Mama kakumbatia kreti kama mtoto mchanga. Nyani wote wa Manyara wamepanga mstari wanatutazama.

Nikafungua. Ya kulia imekatika, pale ilipokatikia nusu inameta, nusu ina kutu ya siku nyingi. Nikachomoa na ya kushoto ambayo ni nzima, nikaifuta kwa shati langu la mahari, nikahesabu meno. 10. Mjomba akahesabu. 10! Ni zilezile za baba! Alichofanya ni kuipaka difu rangi nyeusi kwa nje.

Tukaingiza foo wili, tukapanda tunavutwa na magurudumu ya mbele tu, mwendo wa jeneza. Wakwe wametusubiri mpaka jua linazama. Ndipo nikampigia, ndipo akasema. "Gari lako ndilo bovu." Anatafuna, wakuu. Mama anasikia.

Kisiki cha Mvule:
Bila picha hii ni chai. Weka hayo meno hapa tuhesabu wote.

Mama Wawili:
Namjua huyo!! Kasuzuki ka mume wangu kako kwake tangu Pasaka. Kuku wake wanatagia kiti cha nyuma.

Mzee Propela:
Pole mkuu, ila umepigwa mchana kweupe. Mtu kapaka difu rangi na wewe ukakagua rangi? Zile shafti mbili ungezichomoa palepale gereji kabla hujatoa hela, ni boliti sita tu kila upande, dakika kumi umemaliza.

Mrithi wa 88:
Mzee kaniambia GARI LANGU BOVU, la baba yangu, wewe unaniuliza boliti?

Mzee Propela:
Nakuuliza boliti. Na ukome kuachia klachi kwa fujo mlimani.

Prado Tupu:
Ndiyo maana wenye akili tulihamia Toyota zamani. Hayo madude yenu yabaki ya kupigia picha za harusi.

Vumbi la Simanjiro:
Toyota gani, hiyo yenye injini ya 1KZ? Hebu waambie wadau silinda hedi umebadilisha mara ngapi.

Prado Tupu:
Mara moja tu, tena aliyeiua ni fundi. Alijaza maji ya bomba kwenye rejeta, hana habari na kulanti!

Vumbi la Simanjiro:
Hahaha umekiri mwenyewe.

Mama Wawili:
Hivi mafundi wote wamesoma shule moja? Wa sofa zangu anasema "kesho mama" tangu mwaka jana. Tunakalia ndoo.

Binti Babati:
Nyie afadhali. Mimi fundi cherehani alichukua kitenge changu cha sendofu, yadi sita, akasema kimepotea. Jumapili hii nimemkuta mkewe kakivaa kanisani.

Kisiki cha Mvule:
KAKIVAA??

Binti Babati:
Mstari wa mbele. Kwaya. Anaimba sauti ya kwanza.

Mrithi wa 88:
Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kapokea milioni 2 na laki 3, kaacha shafti za meno 10, tumenusurika kurudi bondeni na mama yangu, halafu anasema gari...

Kisiki cha Mvule:
Subiri kwanza mkuu. Dada, ibada ilipoisha ulimfuata au uliondoka?

Binti Babati:
Nilimsubiri mlangoni. Kanitazama juu mpaka chini akasema, "Na wewe kisingekutosha."

Mama Wawili:
Anaishi mtaa gani huyo? Jumapili ijayo tunakuja na gari.

Prado Tupu:
La Toyota lakini, mfike.