Mrejesho: kuchunguzwa usonji ukubwani ukiwa Tanga

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza mtu mzima aliyeko Tanga anayehisi ana usonji (autism) aanzie wapi. Ahsanteni sana nyote.

Dodoso la AQ-10, yaani maswali 10 ya kuangalia dalili za usonji, nilijaza. Alama 6 kati ya 10 au zaidi maana yake nenda ukachunguzwe, si jibu lenyewe. Kwenda nalo peke yake kulifeli: daktari wa kwanza aliandika "wasiwasi", akatoa vidonge, basi.

Kilichosaidia ni ushauri wa mmoja wenu aliyesema niandae karatasi ya mifano. Usiandike "sipendi kelele". Andika "nakata lebo za mashati yote, honi za bodaboda Ngamiani zikizidi nasahau nilichotumwa". Vigezo vya DSM-5 (mwongozo wa madaktari wa kutambua matatizo ya akili) vinataka ugumu wa mawasiliano ya kijamii katika maeneo yote 3, pamoja na angalau aina 2 kati ya 4 za tabia za kujirudia (hisi kali zimo humo), na dalili ziwe zilianza utotoni. Hapo kwenye utoto ndipo pagumu. Mama mkubwa alisimulia kwa simu, daktari akisikiliza. Nikabeba na ripoti za shule ya msingi.

Niliomba rufaa kwa daktari wa afya ya akili, Dar. Mahojiano mara 2. Hakuna kutolewa damu wala picha ya kichwa. Jibu: usonji, na wasiwasi pia upo, kwa hiyo yule wa kwanza hakukosea kabisa.

Barua ya kumpa mwajiri bado sijaipata. Iombeni siku ile ile ya majibu, mkiwa bado mmekaa mbele ya daktari.