Wale waliochoma raba za Nike kwa ajili ya Kaepernick, nyie mnawaonaje?

Mtoto wa Kikwajuni
Assalam alaykum wana. Jana barzani kwetu baada ya alasiri ulizuka ubishi mpaka adhana ya magharibi ikatukuta bado tunavutana. Kijana mmoja katoa simu akatuonesha ile klipu ya zamani ya Mmarekani anachoma raba zake, raba nzima kabisa, kazimwagia mafuta kawasha, unaona soli inaanza kujikunja na moshi mweusi unapanda. Ni ile 2018 Nike walipoweka uso wa Colin Kaepernick, yule mcheza futboli ya Kimarekani aliyegoma kusimama wimbo wa taifa ukipigwa, kwenye tangazo na maneno kwamba amini kitu hata kama kitakugharimu kila ulichonacho. Wengine wanasema viatu vyake afanye atakavyo, wengine wanasema Nike hawana uchungu na mtu mweusi wanauza tu. Mie nimelala na hili: mtu kasimamia haki kazi ikamponyoka, kisha kampuni inamfanya tangazo, hapo imemsaidia au imemtumia? Nauliza kwa dhati maana mwanangu anataka raba hizo hizo na pesa natoa mie.

Muuza raba Darajani
Waalaykumu salaam. Mie raba za mtumba ndo zinanilisha, nakwambia ukweli kuchoma kiatu kizima kunaniuma. Nikifungua robota nakaa na mswaki na sabuni ya unga nasugua soli moja moja, natoa utambi nafua peke yake, naikunja raba nione kama gundi imeachia, kazi ya saa nzima ili nipate chochote, halafu mwenzangu anatia moto. Tena kiatu ushakilipia, pesa iko kwao zamani, sasa unamkomoa nani?

Niko ughaibuni
Nilikuwa huku Marekani wakati ule, ilikuwa gumzo kila pahali, kuna waliokata ile alama ya Nike kwenye soksi kwa mkasi na Trump naye akaingia kuilaumu kampuni. Hoja yao kubwa ilikuwa kawadharau wanajeshi na bendera. Lakini hebu angalieni ilivyokuwa, Agosti 2016 Kaepernick alikuwa anakaa kwenye benchi wimbo wa taifa ukipigwa, kwa sababu ya polisi wanaoua watu weusi, halafu akakutana na Nate Boyer, mwanajeshi mstaafu, na huyo ndo aliyemshauri apige goti badala ya kukaa, maana wanajeshi hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Sasa dharau iko wapi? Tangu Machi 2017 alipotoka timu yake ya 49ers hakuna timu ya NFL, ligi yao kuu ya mpira huo, iliyomsajili tena. Na Nike? Hisa zilishuka kama asilimia 3 siku ya kwanza, wiki mbili hazijesha zikapanda kuliko zilivyowahi kuwa, na Edison Trends, kampuni inayofuatilia mauzo ya mtandaoni, wakatoa hesabu kwamba mauzo ya mtandaoni yalipanda asilimia 31 siku zile zile za moto. Hao hao Nike ndo wanaoshona jezi za NFL, ligi iliyomuacha nje. Nnavoona mie, aliyelipa ni mmoja tu.

Mzee wa Ng'ambo
Wanangu, nyie mnalizungumza hili kama limeanza Marekani. 1974 Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, 3:32.2, akamuacha John Walker nyuma yake huko huko kwao New Zealand. 1976 Olimpiki ya Montreal dunia nzima inasubiri wakutane tena, Tanzania ikagoma pamoja na nchi nyengine za Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Dhahabu ya 1500 ikachukuliwa na nani? Walker! Wa nchi ile ile tuliyoigomea. Tulikuwa tunasikiliza redioni, wallahi roho iliuma. Bayi akaja kupata medali ya fedha Moscow 1980 kwenye kuruka viunzi na maji. Huyo aliachia kitu, na sikuona kampuni ya viatu iliyombandika ukutani kwa hilo. Kwa hiyo tukitaka kusifu tuanze na mwanamichezo, kampuni ije baadae kama itakuja.

Kocha wa mabinti
Shikamoo mzee, hapo umenigusa khasa. Ila naomba niongeze, mie nafundisha mpira wasichana wa skuli, zamani ilikuwa kila dakika tano mmoja anasimama kurudisha mtandio, pini zinawachoma, mpira unapita. Nike 2017 wakatoa hijabu ya michezo, inabana haitoki. Najua walitafuta soko, bei yake hatuiwezi tukampelekea fundi akashona zetu kwa mfano ule. Lakini binti akiona kwenye bango mwenzake kajistiri na anakimbia, mama yake nyumbani naye anaanza kukubali. Mie siwezi kusema tangazo halina kazi, nimeliona linafanya kazi uwanjani kwangu.

Mtoto wa Kikwajuni
Nimewasoma wote, shikamoo mzee. Raba nitamnunulia, lakini nataka kwanza nikae nae nimuoneshe picha ya yule bwana kapiga goti, maana ile ya moto keshaiona na ndo pekee anayoijua. Na ya Bayi nitamuhadithia. Yakhe wa Darajani, una saizi 38?

Muuza raba Darajani
Zipo mbili, moja nyeusi utambi wake umekatika nitakutilia mwengine. Mlete mwenyewe ajaribu.