Uswidi wa Lindsborg, Kansas: ni urithi au ni biashara?

Mwalimu wa Historia aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa somo kuhusu watu waliohama Ulaya kwenda Marekani katika karne ya 19, na nimekwama kwenye mji mmoja mdogo uitwao Lindsborg, katika wilaya ya McPherson, jimbo la Kansas. Ulianzishwa na Waswidi mwaka 1869, wakazi wake hawafiki 4,000, na hadi leo wenyewe hujiita "Uswidi Ndogo". Barabara yake kuu imepambwa kwa sanamu za farasi wa Dala, wale farasi wa mbao wa Kiswidi wenye rangi nyekundu na hatamu za maua, na kila baada ya miaka miwili, mwezi Oktoba, hufanyika sherehe iitwayo Svensk Hyllningsfest ya kuwaenzi waasisi.

Waswidi zaidi ya milioni moja walivuka bahari kati ya miaka ya 1840 na miaka ya 1920, wakaanzisha makazi mengi ambayo sehemu kubwa yamebaki majina kwenye ramani. Kwa nini huu haukuyeyuka kama wenzake? Na je, Uswidi unaoonyeshwa pale ndio ule waasisi waliokuja nao, au ni pambo la kuwavutia watalii?

Msoma Ramani alijibu:

Ndugu Mwalimu, jibu langu ni fupi: ni pambo. Sherehe unayoitaja ilianza mwaka 1941, yaani zaidi ya miaka 70 baada ya mji kuanzishwa, wakati waasisi wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Farasi wa Dala naye alipata umaarufu Marekani baada ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939, ambako Waswidi walisimamisha farasi mkubwa mbele ya banda lao. Tena farasi huyo ni wa mkoa wa Dalarna, ilhali kundi lililoanzisha Lindsborg lilitoka hasa mkoa mwingine, Värmland. Mhamiaji wa mwaka 1869 akifufuka leo na kupita katika barabara ile, huenda akauliza farasi hawa wote ni wa nani.

Mzee wa Maktaba alijibu:

Kuhusu farasi ninakubaliana nawe, ndugu yangu, lakini nadhani umetazama kibao cha duka ukasahau kuingia ndani.

Tuanze na sababu za safari. Miaka ya 1867 na 1868 mavuno yaliharibika vibaya nchini Uswidi, mwaka mmoja kwa baridi na mvua na wa pili kwa ukame, na njaa ikawaingia wakulima ambao tayari mashamba yao yalikuwa yamegawanywa vipande vidogo kwa kurithishana. Upande wa Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka 5, na makampuni ya reli yalikuwa na ardhi tele ya kuuza. Hata hivyo kundi la Lindsborg halikusukumwa na njaa peke yake. Kiongozi wao, mchungaji Olof Olsson, alikuwa mtu wa uamsho aliyechoshwa na ubaridi wa kanisa la dola, na wengi waliomfuata walikuwa wasomaji wa Biblia waliozoea kukutana majumbani kwa sala. Jambo hilo lilikuwa limepigwa marufuku na sheria ya mwaka 1726, ambayo ilifutwa mwaka 1858 tu. Kwa hiyo walihama kama usharika, si kama watu waliokutana njiani.

Ardhi ilikuwa imekwisha kutafutwa. Mwaka 1868 Waswidi waliokuwa Chicago waliunda kampuni ya kilimo, ikanunua zaidi ya ekari 13,000 za reli katika bonde la mto Smoky Hill. Baadhi ya viongozi wa kampuni hiyo walikuwa na majina ya ukoo yanayoanza na "Lind", na ndiko jina la mji lilikotoka. Walipofika hawakukuta miti ya kutosha kujengea, wakaishi kwanza katika mashimo yaliyochimbwa kwenye kingo za vilima na kuezekwa kwa udongo wenye majani. Kanisa lilianza mwaka uleule, nyumba nzuri zikasubiri.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, Mwalimu. Mwaka 1881 mchungaji kijana aliyemrithi Olsson kanisani, Carl Aaron Swensson, alianzisha shule ndani ya kanisa akiwa na wanafunzi 10, na shule hiyo ndiyo Chuo cha Bethany kilichopo hadi leo. Mwaka uliofuata, yeye na mkewe Alma waliwakusanya wakulima na wanafunzi kuimba "Messiah", kazi kubwa ya kwaya ya mtunzi Handel. Olsson alikuwa ameisikia London, na inasimuliwa kwamba hakuisahau tena. Fikiria watu waliotoka kulima ngano, Kiingereza chao bado kizito, wakikaa usiku baada ya usiku wakijifunza sauti nne za kazi ambayo hata wanakwaya wa miji mikubwa huihofia. Waliiimba mwezi Machi 1882, na kuiimba katika Wiki Takatifu kumekuwa desturi ya mji tangu wakati huo.

Tazama basi kinachochekesha: desturi kongwe kuliko zote katika mji huo wa Kiswidi ni kazi ya Mjerumani, iliyotungwa kwa Kiingereza, na kusikiwa Uingereza. Wala haikuhitaji farasi. Kilichorithiwa pale ni ule mwenendo wa usharika wa kujipangia jambo gumu na kulifanya pamoja mwaka hadi mwaka, na chuo kikawa chungu cha kuuhifadhi. Chuo hicho ndicho kilichomleta mchoraji Birger Sandzén kutoka Uswidi mwaka 1894, akafundisha hadi mwaka 1946, akiichora mipopla ya kando ya mto na miamba ya nyika kwa rangi nene unayoweza kudhani imepakwa kwa mwiko. Mtu wa kipaji kile angeweza kwenda New York. Alibaki.

Msafiri wa Nyika alijibu:

Mzee wa Maktaba amesema vema, nami nina marekebisho madogo kwa Msoma Ramani. Si kweli kwamba Dalarna haikuwa na watu katika bonde lile. Kilomita chache tu kutoka Lindsborg kuna kijiji kiitwacho Falun, jina la mji mkuu wa Dalarna, na aliyeongoza kundi lililokianzisha ni Eric Forsse, ofisa wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe aliyetokea Bishop Hill, Illinois.

Bishop Hill inafaa kuwekwa kando ya Lindsborg katika somo lako, Mwalimu. Nayo ilianzishwa na Waswidi, mwaka 1846, chini ya mhubiri Erik Jansson, na kila kitu kilikuwa mali ya jumuiya. Walijenga upesi majengo ya matofali ambayo majirani wao hawakuwa nayo. Lakini majira ya baridi ya kwanza yaliua watu wengi katika mashimo yao, kipindupindu kikaja mwaka 1849, Jansson akapigwa risasi katika mahakama ya wilaya mwaka 1850, kisha madeni yakafuata, na kufikia mwaka 1861 mali yote ilikuwa imekubaliwa kugawanywa. Leo wakazi hawazidi sana 100. Majengo yamesalia kwa sababu hapakuwa tena na fedha za kuyabomoa na kujenga mengine, na ukienda utaona saa ya jengo lenye mnara ikiwa na mshale mmoja tu, ule wa saa. Watu walikuwa wamoja kuliko wa Lindsborg, ila umoja wao ulimtegemea mtu mmoja.

Mwalimu wa Historia aliandika:

Ninawashukuru nyote kwa moyo. Ningependa kuwaonyesha wanafunzi picha ya kitu kimoja tu, si kumi, ambacho kinabeba hoja za pande zote mbili. Je, niwaonyeshe farasi au kwaya?

Mzee wa Maktaba alijibu:

Usiwaonyeshe hata kimoja kati ya hivyo. Waonyeshe banda la Uswidi. Lilibuniwa na msanifu Ferdinand Boberg, likatengenezwa Uswidi na kusafirishwa kwa meli hadi Maonyesho ya Dunia ya St. Louis ya mwaka 1904, kwa hiyo ni pambo la kuwavutia wageni tangu ubao wa kwanza, na hapo Msoma Ramani atafurahi. Swensson alifariki mwaka huohuo. Rafiki yake, W. W. Thomas, balozi wa Marekani nchini Uswidi na mtu yuleyule aliyewaleta Waswidi kuanzisha New Sweden katika jimbo la Maine mwaka 1870, alilinunua na kulitoa kwa Chuo cha Bethany kama kumbukumbu ya Swensson. Likafika Lindsborg mwaka 1905, likageuzwa madarasa, na Sandzén akafundishia uchoraji humo. Mwaka 1969 lilihamishiwa karibu na kinu cha zamani cha kusagia ngano, na mwaka 1976 mfalme Carl XVI Gustaf alikuja kulizindua upya. Katika picha waelekeze wanafunzi watazame kuta za mbao: hizo zilitoka Uswidi kwelikweli, kisha waulize ni nani hasa aliyezileta, na kwa ajili ya nani.