Siku 3 au siku 4 kwenye mgongo wa mlima wenye mawe na msitu: mngechagua ipi?

Mpanda Vilele (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Tuko watatu, tunapanga kutembea na mabegi mgongoni kwenye njia inayofuata mgongo wa mlima mwanzo hadi mwisho. Ni kilomita 46. Nikijumlisha miinuko yote kwenye ramani napata kama mita 2,400 za kupanda. Karibu njia nzima iko ndani ya msitu, na chini ni mawe matupu, yale yaliyovunjika na kulaliana. Maji yapo sehemu mbili tu: kijito kinachokata njia kwenye kilomita ya 12, na chemchemi iliyo chini kidogo ya njia kwenye kilomita ya 30. Hapo katikati ni kilomita 18 kavu.

Tuna mipango mitatu na kila mmoja wetu anatetea wake. Wa kwanza ni siku 3, tunalala penye maji usiku zote mbili, ila siku ya pili tunatembea hizo 18 zote. Wa pili ni siku 4, usiku mmoja tunalala juu pakavu, kilomita ya 21, na maji tunayabeba. Wa tatu pia ni siku 4, lakini pale kilomita ya 21 tunashuka mita 400 hadi mtoni bondeni, tunalala, asubuhi tunapanda tena.

Bado tunabishana pia kuhusu hema au bembea ya kulalia, na buti au raba. Naombeni mawazo ya waliopita njia za aina hii.

Kibuyu

Mkuu, kabla ya kuchagua, piga hesabu ya saa. Usiishie kwenye kilomita. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, kisha unaongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Siku yako ya pili tuseme ina mita 900 za kupanda. Hapo ni saa 3 na dakika 36 za umbali, jumlisha saa 1 na nusu za mwinuko, unapata saa 5 na kidogo.

Ila Naismith alikuwa anamhesabia mtu mwenye afya kwenye njia ya kawaida. Juu ya mawe yaliyolaliana, na begi zito mgongoni, mimi huzidisha mara mbili. Mnafika saa 10 za kutembea, na hapo hamjakaa kula wala kufunga kamba ya kiatu. Mkichelewa kuondoka asubuhi kwa saa 1 tu, mnamalizia gizani.

Mpango wa kwanza mimi siuungi mkono.

Mguu Imara

Mimi niliufanya mpango wa aina hiyo hiyo, siku ndefu ya mawe, kwa sababu nilitaka kulala penye maji. Jioni, nikiwa nimebakiza kama kilomita 2, nilikanyaga majani makavu yaliyokuwa yamejaa kati ya mawe mawili. Chini ya majani hakukuwa na kitu. Mguu ulizama hadi karibu na goti, begi likanisukuma mbele, nikasikia jiwe linageuka kwa sauti nzito kama jiwe la kusagia. Fimbo ndiyo iliyonizuia. Ilipinda, lakini haikukatika. Nilitoka na ngozi iliyochubuka tangu kifundo hadi katikati ya muundi, nikakaa pale muda mrefu nikisikiliza mapigo ya moyo.

Jiwe lile lile ningelipita asubuhi bila shida. Saa ya kumi na moja jioni macho yamechoka, unaacha kuchagua pa kukanyaga na unakanyaga popote. Kwa hiyo mpango wa pili au wa tatu, tafadhali. Na kila mtu awe na fimbo mbili.

Mbeba Mzigo

Nitautetea wa kwanza kidogo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hakuna ujanja hapo. Ukiwa safarini weka nusu lita kwa kila saa ya kutembea, zaidi kukiwa na joto. Mpango wa pili una saa 5 hadi kilomita ya 21 na saa nyingine 5 hadi chemchemi. Hizo ni lita 5, halafu usiku kuna kupika na kunywa, unafika lita 6 na nusu au 7. Mtu anayeanza siku na kilo 7 za ziada juu ya mawe naye yuko hatarini, mguu wake haurudi haraka akiteleza. Wepesi nao ni usalama.

Kibuyu

Ni kweli kabisa, Mbeba Mzigo, lakini uzito huo unapungua kadiri wanavyokunywa, na kuna njia ya kuukata tangu mwanzo. Pikeni chakula kikubwa cha siku pale kijitoni kabla ya kuondoka, mle mshibe, na kila mtu anywe maji ya kutosha papo hapo. Usiku kule juu mle vitu visivyohitaji kupikwa. Hiyo peke yake inaokoa kama lita 1 kwa kila mtu. Ondokeni na lita 6, mtafika kambini na 3 na nusu.

Mpango wa tatu unaonekana mtamu kwenye ramani kwa sababu ya mto. Kushuka mita 400 na kuzipanda tena kwenye mteremko wa mawe ni karibu saa 3 zaidi, na goti ndilo linalolipa. Mimi ningeutunza kama mlango wa dharura.

Dada Ramani

Mleta mada, kabla hamjaamua, hebu angalia ramani yako vizuri. Hiyo chemchemi ya kilomita ya 30, mstari wa bluu unaotoka hapo umechorwa mfululizo au umekatika-katika? Kwenye ramani nyingi uliokatika maana yake maji ni ya msimu. Mpango wote unakaa juu ya jibu hilo.

Kuhusu kulala: juu ya mgongo wa mawe, kupata sehemu tambarare ya hema la watu watatu ni kazi. Bembea inahitaji miti miwili tu iliyoachana mita 4 au 5, na mawe yaliyo chini hayakuhusu. Lakini watu wengi hushangaa wanapolala na baridi mgongoni. Ukilala, uzito wako unaubana mfuko wa kulalia, hewa yote inatoka, na upepo unapita chini yako. Lazima uweke kitu cha kuzuia baridi chini, na joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tumia mikanda mipana kwenye miti, kamba nyembamba inakata gome. Kabla ya kufunga chochote, inua kichwa. Tawi kavu lililoning'inia juu ya kichwa chako ni sababu ya kuhama, hata kama umeshachoka.

Mkichagua hema, liwe lile linalosimama lenyewe bila vigingi. Kwenye mwamba kigingi hakiingii, mtafunga kamba kwenye mawe makubwa.

Mguu Imara

Dada Ramani amemaliza. Mimi naongeza viatu. Watu hubishana juu ya urefu wa kiatu, mimi naangalia soli. Jiwe lenye ncha likipenya soli laini mara elfu kwa siku, unyayo unauma kama umepigwa. Iwe buti au raba, ikunje kwa mikono: ikikunjika kirahisi katikati, iache. Kiatu kipya usikianzie huko. Ukisikia sehemu inapata moto mguuni, simama dakika hiyo hiyo ubandike plasta, usingoje lengelenge.

Mbeba Mzigo

Nakubali hoja ya kupika kijitoni, sikuwahi kuifikiria. Niongeze radi, maana mtalala juu. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikifika 30 au chini, ondokeni kwenye mgongo, shukeni ubavuni, msikae chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye pango fupi la mwamba. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Maji ya kijito pia yatibiwe. Yakichemka kabisa yaacheni dakika 1, na mkiwa juu ya mita 2,000 dakika 3. Chujio la maji lenye nyuzi nyembamba ndani likiganda kwa baridi huenda limeharibika hata kama linaonekana zima, kwa hiyo usiku laleni nalo.

Mpanda Vilele (mleta mada)

Nimetoa ramani sasa hivi. Dada Ramani, asante sana: kijito ni mfululizo, chemchemi mstari wake umekatika-katika. Nilikuwa nimeiangalia mara kumi bila kuona.

Basi tumekubaliana wote watatu. Siku 4, usiku wa pili kilomita ya 21, tunapika kijitoni, lita 6 kila mtu. Bembea mbili na hema dogo la mmoja asiyetaka bembea.

Dada Ramani

Sawa. Wiki ya kuondoka tafuta mtu aliyetoka kupita hapo, umuulize chemchemi ina maji au la. Usipompata, basi asubuhi ya siku ya tatu, mkiwa bado kambini, pimeni kilichobaki. Kila mtu akiwa na chini ya lita 2, mmoja abaki na mizigo na wawili washuke mtoni na vyombo vitupu, mabegi mepesi, fimbo mkononi.