Sanamu ya Victoria bustani ya Jeevanjee: itengenezwe, itupwe au ibaki ilivyovunjwa?

Mleta hoja:
Wadau, jambo hili linanikereketa. Mwaka 2015 watu waliiangusha sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza katika bustani ya Jeevanjee, Nairobi, na kuikata kichwa. Ilikuwa sanamu ndogo, iliyozinduliwa mwaka 1906 na Duke wa Connaught, mwanawe Victoria. Ilikuwa zawadi ya Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyeitoa bustani yenyewe kwa umma. Wako wanaotaka irudishwe kama mpya, na wako wanaosema jiwe la mkoloni litupwe.

Mimi nasema ihifadhiwe, lakini ikiwa imevunjika vilevile. Kichwa kisibandikwe. Pawekwe kibao cha Kiswahili kinachosema nani aliitoa, nani aliizindua na lini iliangushwa. Hasira ya 2015 ni historia ya Nairobi sawa na sherehe ya 1906, na fundi akiificha kwa gundi atakuwa amefuta nusu ya habari.

Tena kuhifadhi si kupaka rangi. Sanamu za nje huliwa taratibu: maji hutuama kwenye mikunjo ya nguo, kuvu huota kivulini, pini za chuma ndani hushika kutu, zikavimba na kupasua jiwe. Mtu mwenye nia njema akija na brashi ya waya na saruji anaweza kuharibu kuliko aliyekuja na nyundo. Brashi laini na maji safi ndiyo mwanzo. Penye mpasuko pakingwe mvua, maana kingo zikishalika hakuna atakayejua vipande vilishikana vipi.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Watu hula chakula cha mchana pale wamekaa chini kwa kukosa viti, halafu pesa iende kumkinga Victoria na mvua? Hakuwahi kutukanyagia hata udongo. Awekwe Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, yaishe.

Mleta hoja:
Kuhusu viti uko sahihi, vitangulie. Mekatilili naye ana sanamu Malindi, katika bustani yenye jina lake, na Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ana yake mjini hapa tangu 2007. Nairobi ikimwongeza Mekatilili nitafurahi sana, wala si lazima asimame juu ya kiguzo cha mwingine.

Ila ukumbuke 1991, walipotaka kujenga maegesho ya magari hapo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama akapinga, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, naye akaunga mkono, na bustani ikaokoka. Patel alikuwa na hoja kwa sababu ilijulikana nani aliitoa na aliitoa kwa nani. Victoria ni sehemu ya ushahidi wa zawadi ileile. Ardhi ya katikati ya jiji bado inamezewa mate. Tukiuondoa ushahidi kipande kwa kipande, mnyakuzi wa kesho tutamwonyesha nini?