Tupeane uzoefu: Mgeni anapoingia banya ya Kirusi kwa mara ya kwanza

#1
Wakuu, kila mwaka kuna vijana wetu wapya wanaokwenda kusoma Urusi, na baridi ikishika tu, wenzao wa bwenini wanawaalika banya, yaani bafu la mvuke la Kirusi. Hadithi za "fulani alizimia" na "fulani alitoka mbio kwenye theluji" tumezisikia vya kutosha. Humu naomba wanaoijua banya waseme mambo yenyewe: nini kinafanyika, kwa utaratibu gani, na mgeni anaharibu wapi.

Naanza na mzigo. Kandambili za mpira, maana sakafu ina maji muda wote na inateleza. Taulo mbili, sabuni, dodoki, maji ya kunywa kama lita moja na nusu. Shuka la pamba la kujifunga na kukalia. Kanga au kikoi cha pamba kinatosha kabisa, ila kitambaa cha nailoni au poliesta acha nyumbani. Kofia nene ya sufu usiione kichekesho: joto linapanda juu, na kichwa ndicho kilicho juu kuliko kiungo kingine chochote. Pete, cheni, hereni na saa vyote vinavuliwa, kwa sababu vikishika joto vinaunguza ngozi. Kofia, shuka na vicha vya matawi yenye majani vya kupepea na kukandia mwili (veniki) kwa kawaida vinakodishwa au kuuzwa pale pale mapokezi.

Banya ya Sanduny ya Moscow, iliyoanza mwaka 1808, ni nzuri kwa macho: nguzo, nakshi, bwawa. Lakini bei yake si ya mwanafunzi. Banya ya mtaani inatosha, na huko ndiko utakuta wazee wanaojua mvuke.

#2
Naongeza la uchi, maana ndilo linalowatisha wengi wasiseme. Kumbi za umma zimetengwa, wanaume kwao na wanawake kwao, na watu hawavai kitu. Hakuna anayekutazama, na ukivaa bukta ndipo utakapotazamwa. Kundi lenye jinsia zote hukodi chumba cha faragha kwa saa, na humo watu huvaa nguo za kuogelea.

Ndani kuna sehemu tatu: chumba cha kuvulia na kupumzikia, chumba cha kuogea, na parilka, yaani chumba chenyewe cha mvuke. Usiache mlango wa parilka wazi hata kidogo. Kosa hilo watu hawalinyamazii.

#3
Raundi ya kwanza sasa. Usile chakula kizito saa moja na nusu kabla, wala usiende na njaa. Oga maji ya uvuguvugu bila sabuni, kwa sababu sabuni inaondoa mafuta ya ngozi kabla ya joto. Usiloweshe nywele. Jifute ukauke, maana mwili mkavu unatoka jasho mapema zaidi.

Ingia ukae kichanja cha chini au cha kati, dakika tatu hadi tano, bila veniki. Kama nafasi ipo, pandisha miguu juu ya kichanja au ulale kabisa, mwili wote uwe kwenye joto la aina moja. Karibu na sakafu panaweza kuwa nyuzi 40 wakati karibu na dari ni zaidi ya 80; ukikaa wima, kichwa kinaungua na miguu iko baridi. Toka, pumzika dakika kumi hadi kumi na tano, kunywa chai. Raundi ya pili dakika tano hadi nane, hapo ndipo veniki inaingia. Raundi tatu zinamtosha mgeni. Ziara nzima inachukua saa mbili mpaka tatu, na muda mwingi zaidi ni wa kupumzika.

Kuna watu wa pwani wanadhani joto la Dar limewaandaa. Halijawaandaa. Parilka nzuri huwa nyuzi 60 hadi 80, chini ya sauna ya Kifini, lakini hewa imejaa mvuke. Jasho halikauki, kwa hiyo halikupoozi, na mvuke unapogeuka maji juu ya ngozi unaachia joto lake hapo hapo. Ndiyo maana nyuzi 70 za banya zinachoma kuliko 90 za sauna kavu.

#4
Mkuu #3 kamaliza, ila hajagusa maji ya kwenye mawe, na hapo ndipo wageni wanapoharibu starehe ya watu ishirini kwa mkupuo.

Kwanza, usimwage bila kuuliza. Banya nyingi za umma zina mtu anayejua jiko, na watu hutoka wote nje, chumba kinapigwa hewa, majani yanafagiwa, mvuke mpya unatengenezwa, ndipo mnaitwa. Mkiingia, kaeni kimya.

Ikiwa zamu ni yako: maji ya moto, siyo ya bomba. Maji baridi yanapooza mawe na kuleta mvuke mzito, wa majimaji, unaobana kifua. Kiasi ni kata ndogo, mililita 150 hadi 200, halafu subiri kabla ya nyingine. Jiko la banya ya umma lina mlango wa chuma na mawe yako ndani. Simama pembeni ya mlango, kamwe usiukabili, kwa sababu mvuke unarudi kwa kasi na utakuunguza mkono na uso. Mawe yenye moto wa kutosha hutoa mlio mfupi mkavu na mvuke usioonekana. Ukiona ukungu mweupe au ukasikia maji yanachemka polepole, mawe yamepoa; acha kumwaga.

Mafuta ya mkaratusi: matone matatu hadi matano kwenye lita moja ya maji. Ukidondosha moja kwa moja juu ya mawe yanawaka. Wengine huchanganya bia kidogo au kvas (kinywaji cha Kirusi cha mkate uliochachushwa) kwenye maji, chumba kinanukia mkate uliookwa. Hilo sina ugomvi nalo.

#5
Veniki: ya beryoza (mti ambao Waingereza huuita birch) ndiyo ya mgeni, majani yake ni laini. Ya mwaloni ina majani mapana, inasukuma hewa vizuri. Ya juniperi ina miiba, muachie anayejua anachokitafuta. Matawi ya beryoza hukatwa Juni hadi mwanzoni mwa Julai na kukaushwa kivulini. Ikiwa kavu, suuza, loweka maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano hivi, mwisho iguse maji ya moto. Maji yanayochemka yanapukutisha majani, ukiingia parilka umebaki na fito.

Watu wanasema "wanapigana fimbo". Hapana. Anayehudumiwa analala kifudifudi, mwenzake anaanza kwa kupepea hewa ya moto kutoka miguuni kwenda mabegani bila kugusa. Kisha anagusa kidogo kidogo, kisha anainua veniki juu ikusanye joto na kuibandika mgongoni, anakandamiza sekunde mbili tatu. Usoni hapana. Nyuma ya magoti na eneo la figo, kwa upole.

#6
#5 nakupinga kidogo: mwaloni dakika kumi na tano hazitoshi, majani yake ni magumu, mpe ishirini na zaidi. Na maji uliyolowekea usiyamwage kwenye mawe, mabaki ya majani yataungua na kutoa moshi. Yasuuzie nywele mwishoni.

#7
Tuseme la kuzimia. Joto linapanua mishipa, damu inabaki miguuni, mtu anainuka ghafla kutoka kichanja cha juu na anaanguka. Dawa: kabla ya kutoka, kaa dakika moja au mbili kichanja cha chini, kisha simama taratibu. Kizunguzungu, kichefuchefu au moyo kwenda mbio ni alama ya kutoka, hata kama ni dakika ya pili. Hakuna zawadi ya kubaki wa mwisho.

Maji baridi si lazima raundi ya kwanza. Anza na bafu la maji ya kupoa, miguuni kwenda juu. Ukishazoea ndipo uingie kisima cha baridi kwa ngazi, ukitoa pumzi, sekunde chache tu. Usiruke kichwa mbele. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyodhibitiwa, homa, mjamzito ambaye daktari hajamruhusu, na yeyote aliyekunywa pombe: asiingie.

#8
Ukialikwa banya ya kijijini, ya magogo na kuni, ongeza jambo moja. Mwenyeji akifunga bomba la moshi ili kutunza joto kabla makaa hayajaungua yakaisha, kaboni monoksaidi inajaa chumbani. Ni hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa. Haina harufu. Ukiona vimiale vya buluu juu ya makaa, bomba lisifungwe bado. Kichwa kikianza kuuma ghafla na wenzako wanalegea, tokeni wote, acheni mlango wazi.

#9
Dada zangu wenye rasta za bandia je?

#10
Dada #9, nywele za bandia zinashika joto, na zikigusa mgongo au bega zinachoma. Zikusanye zote juu, funga kitambaa cha pamba, kofia ya sufu juu yake, na usipande kichanja cha juu. Zikilowa zinakaa na maji siku nzima, kwa hiyo kwenye kisima cha baridi ishia shingoni.

Ukimaliza, utaambiwa "S lyogkim parom" (salamu ya banya, maana yake "kwa mvuke mwepesi"), jibu "spasibo" (asante). Sabuni na dodoki ni baada ya raundi ya mwisho. Kisha kaa chumba cha kupumzikia nusu saa mpaka jasho likatike kabisa, chai mkononi, ndipo uvae. Ukivaa ungali unatoka jasho, nguo ya ndani inalowa, na nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri.