Raspberry Pi ya kusoma tu: waifai inaonekana ila simu hazipati IP

mzee_wa_soketi:
Wakuu habari za jioni, nina Raspberry Pi 3 (kakompyuta kadogo ka bodi moja) hapa kwenye steshenari yangu, inarusha waifai kwa programu za hostapd na dnsmasq, wanafunzi wanajiunga wanashusha mitihani ya nyuma, intaneti haihitajiki. Shida umeme, ukikatika ghafla kadi yake ya SD inakufa, nimeshazika mbili. Ndo nikaamua kuifunga kadi iwe ya kusoma tu, nimeweka `ro` (kusoma tu) kwenye fstab, lile faili la kupachika diski, `/tmp` na `/var/log` nimezihamishia kwenye ram (tmpfs). Sasa waifai inaonekana, paswedi inakubali, halafu simu inazunguka weee "inapata anwani ya IP" mwisho inatupwa nje. Kabla ya kufunga ilikuwa freshi. hostapd nimeifuta na kuiweka upya mara mbili hola.

kebo_mbili:
Hostapd unaionea bure mkuu. Kama paswedi inapita yeye kazi yake kamaliza, anayegawa IP ni dnsmasq. Weka IP kwa mkono kwenye simu uone, alafu lete majibu ya `systemctl status dnsmasq`

mzee_wa_soketi:
Duh kwa mkono imeingia!! Status inasema hivi:
`cannot open or create lease file /var/lib/misc/dnsmasq.leases: Read-only file system`

kebo_mbili:
Huyo hapo. dnsmasq ana daftari lake la kuandika nani kapewa IP gani, akikuta hawezi kuliandika anagoma kuwaka kabisa, sio kwamba anawaka nusu. Fungua kadi kwanza: `sudo mount -o remount,rw /`
kisha kwenye `/etc/dnsmasq.conf` ongeza
`dhcp-leasefile=/tmp/dnsmasq.leases`
`dhcp-authoritative`
Ule mstari wa pili usiuache, maana daftari likiwa kwenye ram umeme ukikatika linapotea lote, na simu za watu bado zimeshikilia IP za zamani, huo mstari ndo unamruhusu azikubali tu na kujaza daftari upya bila kusumbua wateja. Ukimaliza riboot, itarudi ya kusoma tu yenyewe.

Dada wa Linux:
Mnajitesa jamani, raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi) ina Overlay File System kwenye Performance Options, unawasha tu, kila kinachoandikwa kinaishia kwenye ram na dnsmasq hata hajui kama kafungiwa.

kebo_mbili:
Kweli dada ila kubadili paswedi inabidi uzime overlay, uriboot, ubadili, uwashe, uriboot tena. Kwa mtu wa duka hiyo ni adhabu.

mzee_wa_soketi:
Na mimi paswedi nabadili kila jumatatu maana watoto wanagawiana 😅 Imekubali wakuu, simu nne ziko hewani, nimechomoa waya makusudi mara tatu inarudi vizuri. Ila mbona tarehe kila ikiwaka inarudi siku ile niliyoifunga?

Dada wa Linux:
Pi 3 haina betri ya saa. Kuna programu ya fake-hwclock inahifadhi muda kwenye kadi, sasa kadi umeifunga ataandika wapi? Na intaneti huna ya kusahihishia. Nunua kimoduli cha saa cha DS3231, kinakaa kwenye pini za GPIO pale kwenye bodi ya Pi na kina betri yake.